Barua ya wazi kwa wapiga kura wa Ukumbi wa Magwiji wa Hoki: Rod Brind'Amour mnampima kwa mizani gani?

Kwa wajumbe 18 wa Kamati ya Uteuzi,
Ukumbi wa Magwiji wa Hoki,
Toronto, Kanada.

Waheshimiwa wajumbe,

Salamu kutoka Raleigh, North Carolina. Nawaandikia kwa Kiswahili, wala siombi radhi: Toronto haikosi Mkenya, Mtanzania au Mkongomani wa kuwasomea. Tena barua ya wazi husomwa na wengi kuliko walioandikiwa, na wapo wenzangu huku Marekani na Kanada ambao baridi imewazoesha mchezo huu mpaka wanaugombania kwa kinyozi kama walivyokuwa wakigombania Simba na Yanga. Hao nao nataka wasikie.

Nina shauri moja tu, na jina lake ni Rod Brind'Amour, aliyekuwa nahodha wa Carolina Hurricanes, timu yetu ya hapa Raleigh. Aliacha kucheza Juni 2010. Kanuni yenu inataka mchezaji akae nje misimu mitatu ndipo jina lake liruhusiwe mezani, maana yake tangu 2013 hakuna kilichomzuia isipokuwa ninyi. Kila Juni mnajifungia chumbani, mnapiga kura za siri, mnatoka na wanaume wasiozidi wanne. Mwaka 2025 mlitutajia Joe Thornton, Zdeno Chara, Duncan Keith na Alexander Mogilny. Sina neno na hao. Mogilny mwenyewe mlimsotesha miaka kumi na kitu bila kutoa sababu. Ila orodha hiyo nayo ikapita, na nahodha wetu akabaki nje akingojea.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye soka, niseme hivi. Senta katika hoki ya barafuni ni kiungo. Wapo masenta wa kupika mabao, ambao kocha huwatoa kabla hatari haijafika langoni kwao. Wapo wa kukaba, wanaotumwa kumnyima usingizi nyota wa timu pinzani, na hao hakuna anayewadai bao. Halafu wapo wachache ambao kocha huwaacha barafuni kwa kazi zote mbili, dakika ya kwanza na dakika ya sitini, timu ikiwa pungufu na timu ikiwa na mtu wa ziada. Aina hiyo ya tatu kila kocha huiomba kwa Mungu. Ninyi mnaonekana hamjui mwiweke wapi.

Anzeni na Juni 1988 pale Montreal Forum, siku timu za NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, zilipochagua vijana wapya. Wa kwanza alikuwa Mike Modano. Wa nane, Chicago wakamchukua Jeremy Roenick. Wa tisa, St. Louis wakamchukua Brind'Amour, kijana aliyezaliwa Ottawa na kukulia Campbell River, British Columbia. Wa kumi, Winnipeg wakamchukua Mfini Teemu Selänne. Modano mlimwingiza 2014, Selänne 2017, Roenick 2024. Yaani wa nane yumo, wa kumi yumo, wa tisa hayumo. Najua namba ya kuchaguliwa haimpi mtu haki yoyote. Wapo waliochaguliwa juu zaidi na leo hakuna anayewakumbuka. Lakini hawa walianza siku moja, wakacheza zama zilezile, na mnaweza kuwapanga bega kwa bega bila mtu kulalamika kwamba enzi zilitofautiana.

Selänne simgusi. Mtu mwenye mabao 684 hahojiwi mlangoni. Roenick ndiye nataka tumzungumze.

Roenick alicheza mechi 1,363, akafunga mabao 513, akamaliza na pointi 1,216 (kwenye hoki bao ni pointi moja, asisti nayo ni pointi moja). Brind'Amour alicheza mechi 1,484, mabao 452, asisti 732, jumla pointi 1,184. Tofauti ni pointi 32. Roenick alipokuwa kwenye ubora wake alikuwa moto: misimu mitatu mfululizo ya pointi zaidi ya 100 pale Chicago, na mara mbili akafikisha mabao 50. Brind'Amour hakuwahi kugusa 100. Kilele chake ni 97, msimu wa 1993–94 akiwa Philadelphia. Nakubali bila kinyongo, kwa kufunga Roenick alimzidi. Sasa geuzeni ukurasa. Kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL: Roenick hana, Brind'Amour analo, tena kama nahodha. Tuzo ya Selke, anayopewa mshambuliaji anayekaba kuliko wote: Roenick hana, Brind'Amour anazo mbili, 2006 na 2007. Basi nauliza, hizo pointi 32 zina uzito gani kwenye mizani yenu mpaka zikameza kombe moja na Selke mbili?

Mtaniambia Roenick aliingia kwa mlango wa mabao. Haya. Mwaka 2019 mlimwingiza Guy Carbonneau kwa mlango wa ukabaji, na mimi ni mmoja wa waliopiga makofi. Selke tatu, makombe matatu, nahodha wa Montreal iliyotwaa kombe 1993, fainali ambayo alikabidhiwa kumkaba gwiji Wayne Gretzky na akamfanya Gretzky aonekane binadamu. Pointi zake ni 663 katika mechi 1,318. Hakuna aliyelalamika kuhusu pointi, kwa sababu hakuajiriwa kufunga. Kabla yake, tangu 1992, yumo Bob Gainey, winga aliyezibeba Selke nne za kwanza kabisa, mwenye pointi 501. Sawa kabisa.

Brind'Amour ana Selke moja pungufu ya Carbonneau, na pointi 521 zaidi. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Huyu aliyashika yote mawili misimu 20 na hakuna lililomponyoka, ila ninyi mkitaka mabao mnasema hakuwa Roenick, na mkitaka ukabaji mnasema hakuwa Carbonneau. Mtu amefanya kazi za watu wawili, kisha mnamnyima ujira kwa kuwa hakuwa mmoja wao.

Fanyeni hesabu ya pamoja basi. Tafuteni wachezaji wenye Selke mbili au zaidi ambao pia wana pointi zaidi ya 1,000. Nawahesabu wanne: Sergei Fedorov, Brind'Amour, Patrice Bergeron na Anže Kopitar. Fedorov mlimpokea 2015, mwaka wake wa kwanza kustahili, akiwa na pointi 1,179, tano pungufu ya mtu wetu. Msinielewe vibaya: Fedorov alizichuma kwa mechi chache zaidi, 1,248, na ana makombe matatu na tuzo ya Hart, ya mchezaji mwenye thamani kuliko wote ligini, ya 1994. Huyo alikuwa daraja lake. Bergeron ana Selke sita, idadi ambayo hakuna mwingine aliyeifikia, na kombe la 2011 na Boston. Kopitar ana makombe mawili na Los Angeles, 2012 na 2014. Kwa hao wawili hakuna shabiki anayejiuliza kama wataingia, anajiuliza kama hotuba zao zitakuwa ndefu. Orodha ni ya watu wanne, na ni mmoja tu ambaye hatujui hata kama jina lake hutajwa mkishafunga mlango.

Kuna Pavel Datsyuk pia, mliyemwingiza 2024 pamoja na Roenick. Selke tatu mfululizo, 2008 hadi 2010, pointi 918. Yule alikuwa mchawi, sitaki ugomvi na mtu yeyote aliyewahi kumwona akimnyang'anya mtu kisahani (ndio mpira wa hoki) bila hata kumgusa. Nataja jina lake kwa sababu moja tu: pointi 918 hazikuwazuia kumwona, kwa kuwa mlikubali kwamba kazi ya upande wa pili wa barafu nayo ni kazi. Mlikubali kwa Datsyuk. Mlikubali kwa Carbonneau.

Nazijua hoja za upande wa pili, na nyingine nimezisikia kwa mashabiki wenzangu wa Hurricanes, wala si kwa maadui.

Ya kwanza husema jamaa alidumu tu, na ukicheza mechi 1,484 pointi zitakuja zenyewe. Wale kati yenu mliowahi kuvaa viatu vya barafu mnajua kwamba haziji zenyewe. Philadelphia alicheza mechi 484 bila kukosa hata moja, rekodi ya klabu, mpaka alipovunjika mguu mwaka 1999. Husimuliwa kwamba kule Michigan State, alikosoma mwaka mmoja, kocha Ron Mason ilimbidi atafute namna ya kumtoa kwenye chumba cha vyuma usiku. Tabia hiyo hakuiacha. Wenzake wakishavaa suti baada ya mechi, yeye alirudi kunyanyua vyuma. Kudumu kwa namna hiyo ni ustadi kama kupiga mashuti, ila hakuna kamera inayoufuata.

Ya pili ina uzito zaidi. Selke zake zilikuja uzeeni, ya kwanza akiwa na miaka 35. Kama kweli alikuwa mkabaji, miaka ya tisini alikuwa wapi? Alikuwa Philadelphia, nyuma ya Eric Lindros, mara senta wa pili, mara akisogezwa winga ya kushoto ili timu ikae sawa. Na tazameni nani walikuwa wakiibeba tuzo hiyo: Doug Gilmour 1993, Fedorov 1994, Ron Francis 1995, Fedorov tena 1996, Steve Yzerman 2000. Wote wamo ukumbini kwenu. Kukosa tuzo mbele ya foleni hiyo si doa.

Na hapo kwa Gilmour kuna jambo. Gilmour alicheza mechi 1,474 na kufunga mabao 450. Brind'Amour, mechi 1,484 na mabao 452. Gilmour kombe moja, Brind'Amour kombe moja. Gilmour Selke moja, Brind'Amour mbili. Kinachowatenganisha ni asisti 964 za Gilmour, na hizo ni nyingi mno, siwezi kujifanya sizioni. Simweki Brind'Amour juu ya Gilmour. Nasema mtu aliye chini ya Gilmour na juu ya Carbonneau hawezi kuwa nje wakati wote wawili wako ndani.

Hoja ya tatu, kwamba mechi ya nyota aliitwa mara moja tu, 1992, naipita haraka. Kwenye mechi ya nyota hakuna anayekaba.

Kama ningekuwa wakili wa upande wenu ningeuliza kuhusu 2003–04. Mabao 12, pointi 38, umri miaka 33. Wengi tulidhani safari imekwisha. Msimu uliofuata haukuchezwa kabisa kwa ule mgogoro wa mishahara kati ya matajiri na wachezaji. Ligi iliporudi, kanuni zilikuwa zimebadilishwa ili mchezo uende kasi: kumng'ang'ania mtu na kumkwatua kwa gongo, mambo yaliyokuwa yakiwaokoa wazee, yakaanza kuadhibiwa kila dakika. Hapo ndipo mchezaji wa miaka 35 huzikwa. Yeye akafunga mabao 31, akamaliza na pointi 70, akachukua Selke, akachukua kombe. Msimu uliofuata akapata pointi 82 na Selke ya pili.

Msimu huo wa 2005–06 ndio nataka mkae nao kidogo, maana jedwali la mabao haliuoni vizuri.

Mtazameni kisahani kinapodondoshwa ili mchezo uanze. Mwamuzi ameinama kati ya wawili. Brind'Amour miguu kaitanua, kiuno kakishusha mpaka kidevu kiko juu ya duara jekundu, mkono wa chini umelishika gongo karibu kabisa na barafu. Macho hayamwangalii mpinzani. Yanaangalia mkono wa mwamuzi. Kisahani hakijatulia barafuni, gongo limeshakivuta nyuma kwa beki. Kazi ya nusu sekunde. Msimu ule alishinda takriban mara 59 katika kila 100, na alikuwa akicheza zaidi ya dakika 24 kwa mechi, muda ambao kwa kawaida hupewa mabeki. Na wengi wa wanaosoma takwimu hawaangalii ni wapi alikuwa akipelekwa kugombea: upande wa lango lake mwenyewe, timu inaongoza kwa bao moja, kipa wa wenzao ametolewa ili waongeze mshambuliaji wa sita. Ukishinda hapo hakuna anayekuandikia pointi. Ukishindwa, mara nyingi kisahani kinaishia wavuni kwako na picha yako inaonekana kwenye televisheni.

Halafu 5 Juni 2006, mechi ya kwanza ya fainali dhidi ya Edmonton, hapahapa Raleigh. Edmonton walitangulia 3–0, moja ya mabao hayo ikiwa ni penalti ya Chris Pronger, ya kwanza kuingia wavuni katika historia ya fainali. Aliyeanza kurudisha ni Brind'Amour. Mechi ikavutana mpaka 4–4. Dakika za mwisho beki wa Edmonton Marc-André Bergeron (siye yule wa Boston) akamsukuma Andrew Ladd, Ladd akamwangukia kipa wao Dwayne Roloson, na fainali ya Roloson ikaishia pale. Akaingizwa Ty Conklin, hajapasha hata viungo. Zikiwa zimebaki kama sekunde 30, Conklin akaenda nyuma ya lango lake kumwachia kisahani nahodha wake Jason Smith. Wakapishana. Kisahani kikagonga gongo la Smith, kikatoka upande wa pili, mbele ya lango lisilo na mtu.

Aliyekuwa amesimama pale ni nahodha wa Carolina. Akakisukuma kama mtu anayefunga droo. 5–4.

Kuna watu mpaka leo huliita bao la bahati. Conklin kukosea, hiyo ni bahati. Lakini mtu wa miaka 35, aliyekwisha kukaba mechi nzima, bado anawakimbiza mabeki mpaka nyuma ya lango lao katika dakika ya sitini ya mechi ambayo kila mtu kesha kubali iende muda wa ziada! Hiyo ni kazi ileile anayoifanya mbele ya lango lake, ameihamishia upande wa pili tu. Ndiyo maana ya senta wa pande mbili, mkitaka mfano mmoja wa kumwonyesha mgeni. Na kwa Edmonton usiku ule alikuwepo Michael Peca, naye mwenye Selke mbili. Peca alikuwa mkabaji kwelikweli, lakini pointi zake za maisha yote hazifiki 500. Fainali moja ilikuwa na watu wawili waliokuja kustaafu na Selke mbili kila mmoja, na pointi zao hazikaribiani hata kidogo.

Fainali ikafika mechi ya saba. Tarehe 19 Juni Carolina wakashinda 3–1. Brind'Amour alimaliza mtoano ule na mabao 12 katika mechi 25. Tuzo ya mchezaji bora wa mtoano ilikwenda kwa kipa chipukizi Cam Ward, na ilikuwa haki yake. Kombe lilipoletwa barafuni, kamishna Gary Bettman alikuwa bado na maneno yake mdomoni. Nahodha akalibeba kabla hayajaisha. Alikuwa amekwisha kupoteza fainali mbili mbele ya Detroit, 1997 akiwa na Philadelphia na 2002 akiwa na Carolina. Mtu wa namna hiyo hangoji hotuba.

Kanuni zenu hazitaji mabao peke yake. Zinasema mtazame uwezo wa kucheza, uungwana, tabia, na mchango wa mtu kwa timu yake na kwa mchezo kwa jumla. Kwa hilo la mwisho njooni mtembee Raleigh. Timu hii ilihamishwa kutoka Hartford mwaka 1997, ikahangaika misimu miwili kule Greensboro mbele ya viti vitupu, ikafika Raleigh 1999 katika jimbo ambalo watu huzaliwa wakiwa tayari mashabiki wa mpira wa kikapu wa Duke au wa North Carolina. Januari 2000 Brind'Amour akaletwa, akibadilishwa na Keith Primeau. Philadelphia walipata senta mkubwa zaidi wa mwili. Miaka sita baadaye yule waliyemwachia akaleta kombe, na leo watoto wa mitaa ya hapa hucheza hoki kwa viatu vya magurudumu kwenye lami wakati wa kiangazi. Jezi yake namba 17 iliondolewa kwenye matumizi na kutundikwa darini Februari 2011. Na kwa taifa lake pia hakukaa kando: fainali ya ubingwa wa dunia wa 1994, Kanada ikiwa nyuma kwa bao moja dhidi ya Ufini, aliyesawazisha ni yeye, ndipo wakashinda kwa penalti na kupata dhahabu ambayo hawakuwa wameigusa tangu 1961.

Mchezo kwa jumla siku hizi ni mpana kuliko mnavyofikiri. Pale Nairobi kuna uwanja wa barafu ndani ya hoteli ya Panari, na kuna timu, Ice Lions. Mwaka 2018 vijana hao walipelekwa Kanada wakacheza pamoja na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na 2024 Kenya ikapokewa kwenye shirikisho la kimataifa la hoki. Kijana anayeanza mchezo pale hana mjomba wa kumsimulia nani alikuwa nani miaka ya tisini. Atasoma orodha yenu. Na kwenye uwanja mdogo kama ule, ambao ukipoteza kisahani umekwisha fungwa, ninamwombea asome kuhusu mtu aliyejua kurudi nyuma.

Sasa kuna jambo linalonitia hofu kuliko kura zenu za siri. Brind'Amour ni kocha wa Carolina tangu 2018. Aliichukua timu ambayo haikuwa imeona mtoano tangu 2009, na kuanzia msimu wake wa kwanza hadi 2025 haikukosa mtoano hata mara moja. Mwaka 2021 alipewa tuzo ya Jack Adams, ya kocha bora. Mna kundi la pili kule, la wajenzi wa mchezo, ambako makocha huingia. Nanusa harufu ya watu wanaosema moyoni: tusubiri, huyu tutamwingiza kama kocha, mambo yaishe. Tafadhalini, msifanye hivyo. Akija kustahili kama kocha, na aingie tena kama kocha, hakuna atakayekasirika. Lakini kumwingiza kwa mlango wa makocha ili kukwepa swali la mchezaji ni kumlipa fundi seremala kwa kazi ya kupaka rangi. Kitanda alichokichonga bado mnadaiwa.

Nawaomba mambo mawili.

Kwanza, mjumbe mmoja kati yenu amtaje. Kila mmoja wenu ana nafasi ya kupendekeza mchezaji, na mkiwa wote 18 chumbani mtu anahitaji kura 14. Maana yake watano tu wakinyamaza, jina limekufa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: acheni jina lipigiwe kura waziwazi mezani pale, lishindwe au lishinde, badala ya kufa kwa kutotajwa.

Pili, tangazeni hesabu. Wenzenu wa besiboli kule Cooperstown kila mwaka husema mchezaji fulani kapata asilimia ngapi. Mashabiki hugombana, magazeti huandika, na mchezaji hujua amebakiza kiasi gani. Ninyi mnatupa majina yaliyopita, basi. Hatujui kama Brind'Amour amekosa kura moja au hajawahi kupata hata moja. Kama amepata 13 mara kadhaa, semeni, tujue tunabishana na nani. Kama hajapata hata moja, semeni pia, ili mzee Gilmour na Roenick waulizwe kwenye mahojiano wanaonaje, maana hao walikuwa wakigongana naye barafuni na ninyi wengi wenu mlikuwa mkiangalia.

Pendekezo rasmi la umma, lile la Kiingereza lenye takwimu tupu na lisilo na maneno makali, linakuja kwa njia zake za kawaida. Hili lisomeni kwanza.

Wasalaam,

Shabiki wa jezi namba 17,
Raleigh, North Carolina